Bathdei ya uani: keki ya sufuria, tiara za gazeti na watoto wasiohesabika

Shule zikikaribia kufungwa huwa naanza kuulizwa. Keki nitaipikaje na sina oveni? Watoto watafanya nini saa zote hizo? Nikodi lile jumba la hewa la kurukia au niache? Nimeyajibu haya kwenye ngazi, nimeyajibu sokoni Marikiti hapa Mombasa mkono mmoja umeshika chane la ndizi, nimeyajibu hata tukishuka kwenye feri. Leo naandika mara moja, anayeuliza nitamwelekeza hapa.

Kwanza nikiri kosa langu. Bathdei ya mwanangu wa kwanza nilinunua kila kitu. Keki ya krimu iliagizwa kisiwani, nasi tulikuwa tukikaa Likoni, ng'ambo ya feri, kwa hiyo ikavuka mchana wa Februari mapajani mwa mjomba wake. Ilipofika ilikuwa imelala upande kama jahazi lililokwama, na krimu yote imehamia kwenye suruali. Mtoto akalia sana. Nilidhani analilia keki, kumbe amechoka kuambiwa "acha, utavunja" na "toka hapo, utachafuka" tangu asubuhi, siku ambayo ati ni yake. Tangu mwaka ule watoto wenyewe ndio wanaoitengeneza sherehe, na siku zile za kutengeneza zinahesabika kuwa sherehe. Jumba la kurukia sijalikodi tena, wala hawajaliulizia.

Maelezo haya yanafaa watoto wa miaka 5 hadi 11 hivi, katika ua wa nyumba, ploti ya kupanga, au ile nafasi ya magari chini ya gorofa ukikubaliana na wenzako.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Magazeti ya zamani, na madaftari yaliyokwisha yenye kurasa tupu nyuma
- Leso (kanga) moja au mbili zilizochakaa
- Ufagio mmoja wa chelewa. Chelewa zake zitakuwa mbavu za tiara (vishada vya kurusha angani), kwa hiyo chagua wenye chelewa ndefu, zisizovunjika
- Uzi wa kushonea ulio imara, makasi, rula, kalamu za rangi
- Unga wa ngano, mayai, sukari, iliki, ndimu
- Sufuria mbili, ndogo iingie ndani ya kubwa na ibaki nafasi ya vidole viwili pembeni, mfuniko bapa wa bati, mchanga mkavu
- Viazi, unga wa dengu, ukwaju, mafuta ya kupikia
- Mkeka au jamvi
- Siku 10. Hizi ndizo watu wengi huzisahau, wakaanza Ijumaa usiku.

Hatua ya 1: Panga siku na saa

Uliza kwanza ratiba ya chuo (madrasa) na ya kanisa, maana nusu ya wageni wako huenda wako huko. Kwetu saa 9:30 alasiri mpaka saa 12 imefaa: jua limepungua makali, wa Alasiri huja wakishaswali, na Magharibi inawamaliza wote kwa wakati mmoja. Ikiwa bathdei yenyewe ni Mei, mvua za masika ndiyo kilele chake hapa pwani, basi tafuta mapema ukumbi wa ndani au baraza pana.

Kosa la kawaida: kuita watoto saa 6 mchana. Watakuja na njaa ya chakula cha mchana, na ukiwapa biskuti watakusema.

Hatua ya 2: Hesabu wageni, halafu ongeza watano

Mtoto aandike majina mwenyewe. Ukifika 15, simama. Kisha ongeza watano ambao hawakualikwa na watakuja, maana ukuta wa ua hauzuii harufu ya viazi karai. Mtoto wa jirani hafukuzwi.

Zungumza pia na majirani wazima. Wapo ambao kwa dini yao hawasherehekei kuzaliwa. Usibishane nao, usijieleze sana. Nina jirani wa namna hiyo, watoto wake huja siku ya kutengeneza tiara na siku ya keki hukaa kwao, na sahani yao huvuka ukuta kama kawaida.

Hatua ya 3: Pika gundi, tengeneza mialiko

Gundi ya dukani huisha haraka mikononi mwa watoto. Koroga vijiko 2 vikubwa vya unga wa ngano katika robo kikombe cha maji baridi mpaka kusiwe na madonge. Chemsha robo tatu za kikombe cha maji, mimina mchanganyiko huo huku unakoroga, acha utokote dakika moja au mbili uwe mzito kama uji wa mgonjwa. Ukipoa uko tayari. Kwa joto letu utachacha baada ya siku moja au mbili, kwa hiyo pika kidogo kidogo.

Mwaliko ni karatasi ya daftari iliyokunjwa mara mbili. Mtoto achore anachotaka. Wewe hakikisha tu kwamba saa na mahali vimeandikwa, na mstari mmoja: "Zawadi iwe kitu ulichotengeneza mwenyewe." Mstari huo umeniokoa na vigari vya plastiki visivyofika Jumatatu.

Hatua ya 4: Mapambo ya leso

Kata leso kuukuu pembetatu za upana wa kiganja, zishonee au zigandishe kwenye uzi mrefu, utundike kutoka dirisha hadi mwembe. Pindo na mji wa leso vina rangi za kutosha, huhitaji kununua karatasi za kung'aa. Maneno ya leso yakate yakiwa mazima, yatundike juu ya meza. Ila yasome kwanza! Kuna leso zilizonunuliwa kwa ajili ya kumrushia mtu fumbo, na huyo mtu huenda ndiye mama wa mgeni wako. Mimi nilitundika bila kusoma, na mawifi wawili walikaa sherehe nzima wakitazamana.

Ukipata kuti bichi, mpe bibi yao au babu. Mzee mmoja mwenye kuti na watoto wanne mbele yake atatoa saa za mkono, pete na vipepeo vya kuzungushwa na upepo kabla chai haijapoa. Nami napenda mambo haya yafanywe na mzee hasa, kwa sababu vinginevyo huwekwa kwenye kiti pembeni akapewa soda.

Maputo sipendekezi, hasa wakiwepo wa chini ya miaka 8. Kipande cha puto lililopasuka huingia mdomoni na kuziba koo.

Hatua ya 5: Tiara za gazeti

Hapa ndipo pa kutumia muda. Zamani tiara nyingi tulizitengeneza kwa mifuko ya plastiki. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, nayo haikuwa lazima, gazeti linapaa vizuri likikatwa sawa. Fanyeni siku mbili kabla, kila mtoto yake, na mtengeneze mbili au tatu za akiba.

1. Fungua kurasa mbili za gazeti, kata mraba wa sm 40 kwa sm 40. Mraba uwe mraba kweli: kunja pembe kwa pembe uone kama kingo zinakutana.
2. Chomoa chelewa mbili nyembamba. Chelewa ukizishika katikati kwa kidole zilingane pande zote, kama mizani. Upande mnene ukizidi, uparue kwa kisu. Kisu ashike mtu mzima.
3. Kata chelewa ya kwanza sm 57, iwe uti wa mgongo. Ilaze kutoka pembe ya juu hadi pembe ya chini, igandishe kwa viraka vya karatasi.
4. Ya pili iwe sm 62. Ncha zake ziende pembe ya kushoto na ya kulia, na kwa kuwa ni ndefu kuliko nafasi, itapinda kama upinde kuelekea juu. Ndivyo itakiwavyo. Gandisha ncha, kisha funga uzi pale inapokatiza uti wa mgongo.
5. Toboa karatasi kidogo pale chelewa zinapokutana, na tena sm 10 kutoka pembe ya chini. Chukua uzi wa sm 75, ncha moja funga juu, nyingine chini, upande wa mbele usio na chelewa.
6. Vuta uzi huo kwa kidole mpaka ufike kwenye pembe ya kulia. Pale kidole kilipo, piga fundo la kitanzi. Uzi mrefu wa kurushia unafungwa hapo.
7. Mkia: utepe wa gazeti wa upana wa sm 3 na urefu wa mita 1.5, ugandishe pembe ya chini.
8. Acha ikauke usiku kucha, imelazwa chini ya kitabu. Tiara mbichi haipai.

Fundo la kitanzi ndilo linalowashinda wengi. Watu hulipiga katikati ya uzi kwa kukadiria, tiara ikainuka mita mbili na kujibwaga.

Rusheni palipo wazi. Pwani ya Pirates, uwanja ulio karibu na bustani ya Mama Ngina, au kiwanja chochote kisicho na nyaya. Jioni upepo wa bahari huwa umetulia kwa nguvu moja, nazo pepo za misimu, kusi na kaskazi, zote hutokea upande wa baharini, basi mtoto aipe bahari mgongo na tiara iende bara. Kama mnakwenda ufukweni, uliza kwanza maji yanajaa saa ngapi. Wasirushe karibu na nyaya za umeme, wasipande mapaa kufuata tiara iliyonasa. Wa Port Reitz na Changamwe kaeni mbali na njia ya ndege. Uzi wa nailoni usitumie, unakata vidole.

Hatua ya 6: Keki bila oveni

Keki hii ni ule mkate wa mayai wa bibi zetu. Hauna siagi, hauna beking pauda. Kinachouinua ni hewa unayoipiga kwenye mayai, kwa hiyo usiibie hapo. Kwa sufuria ya upana wa sm 20:

- Mayai 6, yasiwe yametoka friji sasa hivi
- Sukari kikombe 1
- Unga wa ngano kikombe 1 na nusu, uliochekechwa
- Iliki ya unga kijiko 1 cha chai, chumvi kidogo sana

1. Paka sufuria ndogo samli au mafuta, nyunyiza unga, kung'uta unaozidi.
2. Mimina mchanga mkavu kwenye sufuria kubwa, kina cha vidole viwili. Funika, weka motoni dakika 10 upate joto.
3. Piga mayai na sukari. Kwa mashine ni dakika 10 hivi. Kwa mkono, pokezaneni: watoto wahesabu mapigo 100, akabidhi mwenzake. Inatosha pale ambapo ukiinua mchapo wa kupigia mayai, rojo linashuka kama utepe na kukaa juu kidogo kabla ya kuzama. Rangi itakuwa imepauka.
4. Tia iliki. Nyunyiza unga mara tatu, kila mara ukipindua kwa mwiko kutoka chini kuja juu, polepole. Kazi hii usimpe mtoto mwenye haraka. Ukikoroga kwa nguvu hewa inatoka na utapata chapati nene.
5. Mimina kwenye sufuria ndogo, iweke juu ya mchanga, funika kwa bati. Makaa machache chini, mengi juu ya bati.
6. Usifunue kabla ya dakika 25. Choma kwa chelewa safi, ikitoka kavu, epua. Mara nyingi ni dakika 30 hadi 40.

Wa gesi: moto mdogo kabisa, na uvumilie juu kubaki peupe. Utaigeuza kwenye sinia, chini kuwe juu, hakuna atakayejua.

Jiko la makaa lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata mvua ikinyesha. Hewa yake yenye sumu haina harufu, na inaua.

Krimu achana nayo, nimeshasimulia habari za suruali. Changanya kikombe 1 cha sukari ya unga na vijiko 2 vya maji ya ndimu, imwagie keki iliyopoa kabisa, na itaganda. Juu watoto wapange maembe, mbegu za komamanga au nazi iliyokunwa. Asmini za kupamba ziweke kwenye sinia kandokando, si juu ya keki.

Hatua ya 7: Vitafunio

Viazi karai vya kilo 2, vilivyochemshwa jana yake na kukaangwa siku ile, na chatne ya ukwaju isiyo kali. Kachri (krispi za viazi) nunua dukani. Mabuyu kwenye vikoni vya karatasi, kwa wakubwa tu: mbegu za mabuyu na karanga usiwape wa chini ya miaka 5. Juisi ya ukwaju: robo kilo loweka kwenye maji ya moto nusu saa, kamua, chuja, ongeza maji yaliyochemshwa na kupoa mpaka lita 3, sukari kwa kuonja.

Usikaange huku watoto wanakimbia. Karai iwe nyuma ya mlango uliofungwa.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Nusu saa ya kwanza wageni wanapamba tiara zao kwa rangi. Hii inawasaidia wenye haya, maana mkono una kazi. Kisha mchezo wa kusaka hazina kwa vitendawili. Ficha karatasi saba uani, kila moja ina kitendawili ambacho jibu lake ndilo mahali pa karatasi inayofuata. "Nyumba yangu haina mlango" inawapeleka kwenye trei ya mayai. "Kuku wangu kazalia mibani" inawapeleka kwenye nanasi mezani. Wakishindwa, waseme "twakupa mji", watoe mji, nawe uwape jibu. Watoto wa siku hizi hutoa Dubai kabla ya Lamu, lakini mchezo unakwenda.

Baada ya hapo mbio za ndimu kwenye kijiko, kuvuta kamba, kisha keki saa 11, kisha tiara nje. Keki iwe kabla ya tiara. Ukibadilisha, utakata keki peke yako.

Ikiwa ni Idd au Krismasi

Kazi ni zile zile, unabadilisha vichache. Idd hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo angalia msimu utakaoangukia kabla ya kupanga mambo ya nje. Kwa kuwa watoto watataka kwenda uwanja wa Makadara kwenye bembea, weka kazi zako usiku wa kuamkia: vibahasha vya kutilia mkono wa Idd (pesa wanazopewa watoto), vilivyochorwa na kila mtoto, na hina. Hina iwe ya asili, iliyokandwa kwa maji ya ndimu na sukari. Piko jeusi usimpake mtoto. Ni rangi ya nywele, na linaweza kuchoma ngozi likaacha kovu. Krismasi, mti wa kuti na nyota za chelewa zilizofungwa kwa uzi mwekundu hupendeza kuliko miti ya plastiki, kwa macho yangu.

Mambo yakikwama

*Keki imezama katikati.* Umefunua mapema, au haijaiva. Toa katikati kwa kikombe, jaza matunda, iite keki ya pete.

*Imeungua chini.* Makaa ya chini yalizidi au mchanga ulikuwa mchache. Kata sehemu nyeusi kwa uzi uliovutwa, siyo kisu.

*Imekuwa ngumu kama sifongo kavu.* Mayai hayakupigwa vya kutosha. Imwagie tui zito lenye sukari, kula kwa kijiko.

*Tiara inazunguka kama pia.* Ongeza mkia nusu mita. Ikiendelea, chelewa ya upinde ina upande mzito.

*Tiara haiinuki.* Sogeza fundo juu kwa upana wa kidole. Bado? Mkia mzito, au upepo haupo. Wakati wa malelezi, kati ya msimu na msimu, upepo hugeuka geuka, rudini nyumbani mcheze.

*Mvua imeanza saa 9.* Leteni mkeka ndani. Vitendawili vinachezeka hata chini ya meza.

*Mwenye bathdei analia.* Mwondoe kwenye kelele, mpe kazi ndogo ya kufanya nawe jikoni dakika tano. Usimpige picha.

*Wamekuja 30.* Kata keki vipande vya mraba badala ya pembetatu, na uongeze maji kwenye ukwaju.

*Magharibi imeadhiniwa na bado wamesimama mlangoni.* Toa ule ufagio uliobaki na nusu ya chelewa zake, useme ua haujafagiwa. Utabaki na wawili, na hao wawili waulize kama wamepata keki.